Mume Wangu Alimchagulia Sura, Miguu Nimemchagulia Mimi

Admin, jina langu lifiche, lakini hasira yangu iache kama ilivyo. Mimi ni mwanamke wa miaka arobaini na saba, Mpemba, niko Lewisham tangu tulipokimbilia huku na mume wangu miaka ya tisini. Tuna binti mmoja wa miaka kumi na sita. Kazi yangu ni kuhudumia wazee majumbani mwao: nawaogesha, nawavisha, nawageuza kitandani. Siku nzima niko wima, basi hili nashuka, lile napanda. Kwa hiyo miguu yangu, sitawadanganya, ina magaga.

Hayo magaga ndiyo yaliyogeuka kesi. Mume wangu alianza kwa mzaha, "Bibi we, miguu yako inachana shuka." Nikacheka. Nikanunua mafuta, nikasugua nyayo kwa jiwe mpaka zikauma, siku moja nikajipaka hina hadi vifundoni kama bi harusi, nikamkalia kitandani nikisubiri neno moja zuri. Akaitazama, akasema, "Hina inataka miguu ya watu, siyo hiyo." Akahamia chumba kidogo. Wallahi nililia mpaka macho yakavimba. Kisha akaenda kumsimulia dada yake anayekaa Tooting, na wifi yangu huyo mdomo wake hauna mlango. Tangu hapo kila shughuli ninayokwenda, wanawake wananitazama miguu kabla ya uso.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja nimebaki nyumbani naumwa mgongo, simu ya sebuleni ikalia. Binti wa Kizungu, mwenye adabu zake, anamtaka mume wangu. Nikamwambia yuko sokoni, mimi ndiye mkewe, sema shida yako. Akasema ni kuhusu mdoli aliyeagiza, wanahakikisha miguu kabla hawajamtengeneza. Mume wangu anauza nguo za kike sokoni, nikajua ni sanamu la kutundikia magauni. Nikamuuliza, la dukani? Akashusha sauti. "Hapana, madam. Huyu ni wa faragha. Wa mtu mzima."

Maskini, alidhani nayajua. Akanieleza yote: kimo cha mwanamke kamili, nywele mpaka kiunoni, ngozi ya mpira laini. Na miguu iko ya namna mbili. Kuna ya nyayo nyororo, lakini huyo hasimami, ni wa kulala tu. Na kuna ya nyayo zenye vichwa vya skrubu chini, si laini, ila ukimsimamisha anasimama mwenyewe. Bwana alichagua nyororo, ni sawa?

Nyororo! Miye nyayo zinapasuka kwa ajili ya nyumba hii, yeye kakaa anachagua nyayo! Lakini sauti nikailainisha, nikasema, "Tumebadili mawazo, mwanangu. Tutilie ya kusimama." Akaniuliza rangi ya kucha. Nikamwambia nyekundu, ionekane kwa mbali.

Sanduku lilipokuja, refu kama jeneza, mume wangu aliniambia ni rafu za duka. Akalipandisha peke yake huku anahema, akajifungia chumba kidogo. Haukupita muda nikamsikia kwenye simu anafoka chini chini: alisema laini, hizi skrubu kaagiza nani? Halafu akaikata simu. Nikajua kishaambiwa ni nani. Akashuka ngazi, uso umempauka, akanikuta nakoroga mchuzi. Nikamuuliza, "Rafu zimeingia vizuri?" Akavaa viatu akatoka. Lo, mchuzi wa siku ile nilikula na vidole vyangu nikavilamba.

Mnadhani alitubu? Thubutu! Kaniwahi. Kaitisha kikao cha familia Jumapili hii, anakuja ami yake na yule wifi yangu. Shtaka ni kwamba sijitunzi, nimemtelekeza mume, na yeye anataka kuniacha aoe mwingine. Anajiamini kwa sababu ananijua. Anajua mwanamke aliyelelewa Pemba hawezi kufumbua kinywa mbele ya ami wa mumewe akataja kitu kama kile. Haya zangu ndizo ngao yake.

Na kweli, siwezi kukitaja. Lakini nani kasema nitakitaja?

Ufunguo wa pili wa chumba kidogo ninao. Ijumaa alipokwenda kusali niliingia nikamjaribu huyo bibi: anasimama imara, hayumbi. Jumapili mume wangu akienda stesheni kumpokea ami yake, namteremsha sebuleni. Namvisha kisutu changu cha harusi, nakipandisha kidogo ili kucha zionekane, namsimamisha ubavuni mwa kiti cha mume wangu. Wageni wakiingia mimi nitasema karibuni tu, kisha nikae. Wataulizana wenyewe kwa wenyewe, na wifi atapata pa kutazama miguu.

Kinachonizuia ni kimoja. Binti yangu ndiye atakayeleta chai. Hajui chumba kile kina nini. Nimemtuma kwa shoga yake Peckham kwa siku hiyo, akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba haniachi peke yangu na watu wale. Nikifanya hivi, aibu haitamwangukia baba peke yake. Watu wetu huku tunajuana wote, kesho madrasa wataambizana, na siku ya posa yake kutakuwa na mtu wa kukumbusha. Hilo linaniuma kuliko yote aliyonitenda baba yake.

Basi nipeni rai, ndugu zangu, kabla ya Jumapili. Wenye kutaka kuniambia nimsamehe, msichoshe vidole vyenu. Mimi nauliza binti yangu nimweke wapi. Mdoli najua pa kumweka.