Mwanatumu na Vidonge vya Rangi Mbili

Alasiri hii Ukunda haina upepo. Kibarazani mwa nyumba ya makuti, nyuma ya maduka, Mwanatumu anafungua kifuniko cha pasi, anaongeza makaa ya vifuu vya nazi, anapuliza, anafunga. Shati jeupe la mhudumu wa hoteli limelala mezani. Anaanza kola, anashuka mabegani, anageukia mikono. Ghafla anaisimamisha pasi na kurudi nyuma.

Uso unamwiva. Jasho linamtiririka shingoni kama aliyemwagiwa maji. Anachovya ncha ya kanga mtungini, anajikanda kisogoni, anangoja joto lipite. Wateja wake wamekwisha kuzoea, hakuna anayeuliza.

Isipokuwa Kasyoki. "Mama, leo makaa umeyatia kwa pasi ama umeyameza?" anatania mwanamke huyo wa Kikamba, mtandika vitanda katika hoteli moja ya Diani.

"Nimeyameza, mwanangu. Na yako nakuwekea, utayakuta ukifika hamsini."

Wanacheka wote wawili. Lakini mwaka huu ulipoanza, kati yao hapakuwa na la kuchekesha.

Mwanatumu ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Bodo, akaolewa Ukunda na Athmani, fundi wa kuezeka makuti, wakajaaliwa watoto watano. Kupiga pasi ndiyo kazi yake tangu kitinda mimba alipoacha kunyonya. Shati ni shilingi tano, suruali zaidi kidogo. Machafuko ya mwaka wa tisini na saba yalipowafukuza wageni mahotelini, mashati nayo yalipotea. Sasa yameanza kurudi mojamoja.

Hedhi ilimkatika wakati huohuo wa shida. Hakusikitika.

"Nilifurahi, sikufichi," anasema. "Tangu nilipovunja ungo sijapata kufunga Ramadhani nzima bila kukatiza. Kila mwaka nabaki na deni la siku, nalilipa peke yangu watu wanakula. Nikasema, Alhamdulillahi, sasa nitaufunga mwezi kamili, kama Athmani."

Alichokipata badala yake ni moto. Mchana ulimkuta mezani, usiku ukamkuta kitandani, mashuka yakawa ya kukamuliwa. Usingizi ukamkimbia. Siku moja kizunguzungu kilimjia pasi ikiwa mkononi, akaunguza gauni la arusi la watu.

Jirani mmoja akamwambia ni pepo, atafute wa kumpunga. "Nikamjibu, pepo gani huyo wa kuja na kuondoka kama mchukuzi wa maji?" anakumbuka. Kisha anaongeza, "Nilipokuwa mwari somo, mama wa kunifunda, alinitia ndani, akanifunza kila kitu cha kuanza. Cha kumaliza hakunifunza mtu."

Alikuwa ameacha hata kulala karibu na mumewe. Alitandika mkeka chini, penye ubaridi, bila kueleza kwa nini. Athmani naye hakuuliza. Akaanza kuchelewa kurudi.

Msaada ulikuja na mfuko wa nguo za Kasyoki. Mgeni mmoja wa kizungu, mama wa makamo, alikuwa amerudi kwao na kuacha pakiti kadhaa za vidonge chumbani. Aliwahi kumwambia Kasyoki kwamba ni dawa ya joto la wanawake.

"Nilimwonea huruma," anasema Kasyoki. "Nikamwambia, mama, hii ni dawa poa ya wazungu, hata haijafunguliwa. Laiti ningemletea sabuni ya hoteli tu, ingekuwa vyema."

Pakiti zilikuwa na vidonge vya rangi mbili, vyeupe vya kuanza navyo na vya waridi vya kumalizia. Mwanatumu akavimeza kwa mpangilio wake. Moto ukatulia. Akalala hadi adhana ya alfajiri, akaamka akiimba. Lakini pakiti ya kwanza ilipomalizika, damu ikaja.

Ramadhani ilikuwa mlangoni.

Hapo ndipo alipofanya alilolifanya, na kwa hesabu ya mtu aliyengoja Ramadhani yake karibu miaka arubaini lilionekana jambo la akili kabisa. Alitazama vile vidonge, akaona damu imekuja baada ya vya waridi. Basi vya waridi ndivyo vibaya. Akavibandua vyote kutoka pakiti zilizobaki, akavitupa chooni. Akaendelea na vyeupe tu.

Akaufunga mwezi mzima. Siku ya Idi alivaa kanga mpya na kuwatambia binti zake, "Mwaka huu sidaiwi na Mola wala na mtu!"

Baada ya Idi, vidonge vyeupe vilipokaribia kwisha, damu ikarudi bila kuitwa. Ikaja, ikakaa, ikaenda siku mbili, ikaja nzito zaidi. Aliosha vitambaa kabla watu hawajaamka. Wazee walisema mficha uchi hazai. Kumbe kuficha humgharimu hata aliyekwisha kuzaa.

Kasyoki ndiye aliyemwona akishikilia ukuta ili asianguke. Akamshika mkono hadi zahanati, kwa Sista Mumbe, muuguzi aliyekuja pwani akiwa msichana na kuzeekea hapa.

"Hujambo, mama Nusaiba," Sista alimwamkia kwa jina la bintiye mkubwa, akamkalisha, akamtaka amweleze yote. Mwanatumu akamweleza, pamoja na ya chooni. Sista hakugomba.

"Mama, ngoja nikwambie," alisema. "Kile cheupe kinakutandikia mkeka ndani ya kizazi. Kile cha waridi kinaukunja na kuutoa nje. Wewe umetandika mkeka juu ya mkeka, na wa kukunja umemtupa chooni. Mwanamke mwenye kizazi chake hapewi kimoja bila cha pili. Mkeka ukizidi, huweza kugeuka saratani."

Mwanatumu anasema neno hilo lilimtoa jasho ambalo halikuwa la moto wake.

Alipelekwa hospitali Msambweni. Wakamsafisha kizazi, na kipande kikaenda Mombasa kupimwa. Siku za kungojea majibu ndizo alizomwambia Athmani kila kitu, kwa sababu hakutaka kufa huku mumewe akimdhania mengine.

"Mke wangu," Athmani alimjibu, "mimi nilidhani umenichoka."

"Nikuchoke leo? Wa kukuchoka si ningekuchoka zamani, ulipokuwa na yale masharubu!"

Majibu yalirudi hayana saratani. Utando ulikuwa umenenepa tu. Akapewa dawa ya kuupunguza, kisha akapimwa tena, ukaonekana umekaa sawa.

Lakini moto nao ulikuwa umerudi, ndio huu unaomsimamisha pasi leo. Juma lililopita alikwenda kwa daktari kuchagua la kufanya, na safari hii aliulizwa kwanza yeye, si pakiti. Je, aliwahi kuvimba mguu kwa damu kuganda? Shinikizo la damu? Kuna aliyeugua titi katika ukoo? Ini je? Kote akajibu hapana.

Daktari akamwekea mezani njia zilizopo. Anaweza kuacha homoni kabisa, apige pasi asubuhi, avae nguo za pamba na kuvumilia, kwani wengi moto huwapoa wenyewe kwa miaka. Ipo plasta ya kubandika ngozini, lakini hiyo ni ya kufuatwa Mombasa na bei yake inashinda pato lake, na bado angehitaji kidonge cha kulinda kizazi. Na kipo kidonge kimoja cha kila siku chenye homoni zote mbili ndani yake, kwa kipimo kidogo, kinachowafaa waliokwisha kukatikiwa hedhi zamani. Angekinywa kwa muda tu, akichunguzwa kila baada ya miezi michache, na damu ikizidi arudi mara moja.

Mwanatumu aliuliza swali moja. "Kitaniletea damu?"

"Miezi ya mwanzo huenda ukachafuka kidogo, mama," daktari akasema. "Sitakudanganya."

Na Ramadhani nyingine inakaribia. Alirudi nyumbani kulifikiria. Angeweza kungoja hadi baada ya Idi, aufunge tena mwezi mzima. Akapiga pasi siku tatu akilipima. Siku ya nne akamwambia Athmani kwamba hatangoja Idi, naye akaahidi kutoa nusu ya bei ya dawa kila mwezi. Leo asubuhi Mwanatumu amemeza kidonge cha kwanza.

Shati la mwisho limekwisha. Kasyoki anapokea nguo zake, anamkabidhi vipande viwili vya sabuni ya hoteli.

"Sabuni lete, mwanangu," Mwanatumu anamwambia. "Vidonge warudishie wenyewe."

Na Ramadhani, je, damu ikija? Anamwaga majivu ya pasi, anayapapasa kwa kijiti kutafuta makaa yaliyo hai.

"Ikija nitamuuliza mke wa maalimu, na nikiambiwa nilipe, nitalipa. Deni la siku nimelilipa tangu ni mwari, naijua njia yake," anasema. "Lakini nataka niufikie mwezi wa Shawali niko hai, ndipo nilipe."