Kovu Nililolifuta

Ipo siku moja naikumbuka, mwanangu, kuliko hata siku niliyopokea cheti changu cha shule ya jioni, na cheti kile nililala nacho kifuani mwezi mzima. Ni siku niliyompelekea mama picha yake.

Nilikuwa kijana, najifunza kazi kwa Mzee Tluway, mwenye studio pale Karatu mjini. Picha za rangi zilishaingia, lakini mzee hakutaka hata kuzisikia. Alisema rangi inampendeza kila mtu, ila nyeusi na nyeupe inakulazimisha kutafuta mwanga umelala wapi. Aliweza kukaa saa nzima akitazama kikombe cha chai iliyopoa, eti anasubiri kivuli chake kikae sawa. Mimi nilidhani ana njaa.

Siku hizo filamu tuliirekebisha kwa mkono. Ukitaka kumwondolea mteja makunyanzi, unachukua penseli iliyochongwa vizuri na wembe, unaigusa filamu kidogo kidogo. Na mimi nilikuwa fundi, usiniulize! Bibi kizee aliingia studio na mkongojo, kwenye picha akatoka msichana wa kwaya.

Basi nikapanda hadi kijijini kwetu Mbulumbulu, nikampiga mama picha asubuhi, amekaa mlangoni kwake akichagua maharage kwenye ungo. Niliporudi nikaishughulikia filamu ile siku mbili. Nikafuta makunyanzi yote. Nikafuta na kovu la kidevuni, alilolipata siku alipoteleza kwenye tope akinibeba mgongoni kwenda zahanati, mvua inanyesha, mimi nachemka homa. Nilitaka apendeze tu.

Mama aliishika picha, akasogea nayo mlangoni kwenye mwanga, akaitazama sana.

“Mrembo huyu,” akasema. “Ni mtoto wa nani?”

“Mama, si wewe huyo!”

“Aa.” Akaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. “Ahsante, baba.”

Mzee Tluway naye aliikuta nakala mezani. “Kijana, hapa umepiga picha au umepiga pasi?”

Nikacheka. Yeye hakucheka. Akauliza, “Mama yako si ana kovu? Alilipataje?”

Nikamweleza.

“Rudi ukampige tena,” akasema. “Mlango uleule, ungo uleule. Wembe uache hapa.”

Ilibidi nirudi kweli, maana filamu ile wembe ulishaila. Nikasema nitakwenda wiki ijayo. Lakini kulikuwa na hoteli moja kule Ngorongoro iliyotaka picha za ukungu wa ukingoni mwa kreta, nami nikajiona msanii mkubwa. Wiki ikawa mwezi. Niliupiga ukungu ule mpaka nyati wakanizoea, bado kidogo waniite kwa jina. Mama akafariki kabla sijashuka.

Leo mvi zimenijaa, na picha ile iko sebuleni. Wajukuu wanasema, “Babu, mama yako alikuwa mrembo!” Naitikia. Wakishatoka naitungua ukutani, naigeuza kwenye mwanga wa dirisha, nalitafuta lile kovu, labda wembe wangu ulisahau mahali. Haukusahau. Si nilikwambia nilikuwa fundi?

Mwanangu, simu yako inalainisha uso kwa kidole kimoja, na inaigeuza picha kuwa nyeusi na nyeupe kabla hujamaliza kukohoa. Sikukatazi. Ila usifute kitu kwenye uso wa mtu kabla hujamuuliza amekipata wapi. Tazama kwanza, hata wakuone una njaa. Na yule unayesema utampiga picha wiki ijayo, mfuate leo. Ukungu wa Ngorongoro utaukuta tu.

Mungu akupe macho yenye subira, mwanangu. Na akutunzie mama yako, mpaka siku atakayoishika picha yake mlangoni na kusema, “Huyu ni mimi.”