Pikapu Isiyosikia Jua

Harufu ya plastiki ya nyaya ikiungua hunirudisha Mangobo, mtaa wetu wa Kisangani, hata leo, uani kwetu, Papa akipasha kisu kwenye jiko la makala, makaa ya Mama, ili ayeyushe bati la kuungia nyaya, na sombe yetu, majani ya muhogo, ikisubiri moto. Ilikuwa miaka ya vita, nami nilikuwa katika umri wa kumchukia mtu kwa jambo dogo.

Pikapu yetu tuliificha nyuma ya nyumba na kuizungushia mbao na mabati mabovu, maana askari wakiliona gari zima walilichukua. Kila alfajiri Papa alizungusha ufunguo, akafungua kontakti bila kuwasha injini, wasije wakasikia, akakagua taa moja moja. Juu ya kioo kulikuwa na kidude cha kuonyesha joto la nje. Alfajiri kilisema ishirini na mbili, na kweli kulikuwa na ubaridi. Jua likapanda, mabati yakaanza kulia, jasho likatutiririka mpaka visiginoni, na kidude kikang'ang'ania ishirini na mbili. Majirani walitutania kwamba sisi Wanande tumekuja Kisangani na baridi ya Butembo ndani ya gari.

Mama hakucheka. Ujumbe ulikuwa umefika kwa fonia, ile redio ya kupigia mbali, kwamba mama yake, mukaka wetu, ni mgonjwa sana huko Butembo. Wiki hiyo malori machache ya wafanyabiashara yalikuwa yanajikusanya kuvuka msitu pamoja, nasi tungeyafuata. Mama alikwisha kufunga mizigo.

Papa akasema hatuondoki mpaka kidude kipone. Alifungua bampa, akakipata kipimio kinachokipelekea kidude joto la nje, kidogo kama punje ya muhindi. Akaukagua waya wake wote, ulikuwa mzima. Fyuzi nzima. Akakichovya kipimio ndani ya chai yangu ya moto, tukatazama juu ya kioo sote. Ishirini na mbili. Chai ile ilikuwa na sukari, na sukari wakati huo ilikuwa sikukuu. Nililia kwa hasira, Papa hata hakugeuka.

Haraka haraka haina baraka, alikuwa akisema, na Mama akamjibu kwamba ngojangoja huumiza matumbo. Siku ya malori kuondoka alikwenda kusimama mbele ya pikapu, kitenge cha safari kiunoni.

"Mama yangu iko nakufa," alisema, "na weye uko nangojea namba."

Papa alijibu taratibu, macho kwenye nyaya. "Gari yenye inadanganya kitu kidogo, itadanganya pia joto ya motere. Ikikufa mu pori na batoto, nani atatutosha mule ndani?"

Malori yaliondoka bila sisi. Mukaka alizikwa kabla njia haijafunguka tena. Mama hakumlaumu Papa mbele yetu, lakini tangu hapo alipika bila kuimba, nami nikamlaumu Papa kwa niaba yake miaka mingi.

Mwaka jana nilikuwa naendesha pikapu yangu mwenyewe, na watoto wangu nyuma. Kwenye kizuizi cha kamba barabarani tulisimamishwa tangu asubuhi mpaka jua la utosi, na kidude cha gari kikabaki na baridi ya alfajiri. Nikakipiga kofi, nikakitukana. Tuliporuhusiwa kupita hatukwenda mbali, tarakimu zikaanza kupanda zenyewe, mpaka zikafika palepale jua lilipo. Ndipo nikafahamu: magari mengine yamepangwa hivyo, yakiwa yamesimama hayaongezi kitu mpaka yatembee. Gari la Papa lilikuwa zima. Halikuhitaji fundi, lilihitaji barabara.

Hasira yangu ya zamani ilirudi. Kumbe tungeweza kwenda. Kumbe Mama angemkuta mukaka hai.

Kisha mbele yetu nikaona kamba nyingine imekatiza barabara, na vijana wenye bunduki wamekaa kivulini. Nikawatazama watoto kwenye kioo, wamelala midomo wazi. Nikajikuta nasikiliza injini kwa makini, natafuta mlio wowote mbaya, kitu chochote kilichoharibika, ili nipate sababu ya kugeuza gari.