Mlimau wa Mama na Hesabu ya Fundi

Fundi cherehani alijifunza kazi kwa inchi, kisha wateja wakaanza kuja na sentimita, naye akaishi kwa kuzidisha na kugawa kwa mbili na nusu. Alikutajia kiuno chako kwa vipimo vyote viwili kabla hujamaliza kuvuta tumbo ndani. Mtaani walimtania kwamba akikatwa atatoka uzi.

Mama yao alipofariki, fundi alichukua cherehani, mdogo wake wa kike akachukua mlimau uliokuwa ndani ya nusu pipa barazani. Hakuna aliyelalamika kuwa ameonewa, na katika familia ile hilo lilikuwa jirani kabisa na upendo. Mama aliuotesha kwa mbegu, hakuwahi kuona limau lake.

Mdogo mtu akapata kazi ya mbali, akamwachia fundi, dada yake, mti na agizo moja: maji tu, kila asubuhi.

Fundi aliona maji matupu ni dharau. Mteja aliyetoka ng'ambo alikuwa amemzawadia kopo la mbolea ya unga, limeandikwa kijiko kimoja kwa galoni. Ndoo yake ilikuwa ya lita kumi. Hakumuuliza mtu. Kipimo cha zamani kwenda cha kisasa ni mbili na nusu, tangu lini kikabadilika? Kumi kugawa kwa mbili na nusu, nne. Akakoroga vijiko vinne.

Galoni ni lita nne na nusu. Vijiko viwili vingetosha.

Majani yalipoungua kingo, fundi aliona ni njaa, akaongeza ndoo nyingine kwa hesabu ileile. Yalipopukutika, akaongeza tena. Kwenye simu alisema mti unanenepa.

Mdogo mtu aliporudi, alikuta fimbo zimesimama ndani ya pipa. Hakufoka. Alikwangua gome kwa ukucha; chini yake hapakuwa na kijani. Akauliza mti umelishwa nini, na fundi akaeleza hesabu yake yote, bado akiionea fahari kidogo.

"Hiyo mbili na nusu ni ya inchi, dada."

Fundi alianza kuhesabu upya kwa vidole.

"Nilikuomba maji tu. Maji hayana hesabu."

Jioni fundi alikifuta cherehani vumbi, akakifunga kwa shuka, akakiweka mlangoni, akamwambia mdogo wake akichukue. Mdogo wake alikitazama, akasema yeye hata kutunga uzi hajui, wala hicho mama hakuwahi kukimwagilia maji. Akaondoka na begi lake.

Asubuhi cherehani kilikuwa bado mlangoni, na mteja wa suruali alilazimika kukiruka ili aingie. Fundi alimpima kiuno kwa inchi. Mteja akaomba sentimita. Fundi akafungua mdomo, akaufunga, kisha akageuza utepe upande wa pili, akausogeza karibu na macho, akasoma.