Sudusi ya Bwanaheri

Bwanaheri wa Mkongo alikwenda vitani Umatumbi akiwa amenyunyiziwa dawa ya kugeuza risasi ziwe maji. Risasi hazikupewa taarifa. Baadhi ya waliorudi walisema walimwona akianguka. Wengine wakasema alijikwaa tu. Kisha Mjerumani akachoma maghala, maana risasi ni ghali na njaa ni bure.

Aliyegawa chakula nyumbani alikuwa mkewe, Thuwaiba. Kila mchana alimwaga kifuu kimoja cha mtama kwenye ungo, akaukata mafungu sita yaliyo sawa. Kila fungu ni sudusi, moja ya sita, na sehemu ya kila mtu ilijengwa kwa sudusi. Yeye moja, bintiye Semeni moja, mama mkwe wake Mwanamkuu moja. Wifi yake Tatu, aliyekuwa ananyonyesha, alipata mbili, yaani thuluthi nzima. Ya sita ilikuwa ya Bwanaheri: ilimngoja hadi magharibi, ikarudi kikapuni.

Siku moja mtoto wa Tatu alinyonya, akaachia ziwa, akashindwa hata kulia.

"Wifi, niongeze," Tatu akasema. "Sudusi tatu, nusu ya ungo. Hizi mbili hazifiki kifuani."

"Niitoe wapi?"

"Kwani kaka anakula lini?"

Mwanamkuu akageuka. "Basi tuonyeshe na kaburi lake! Fungu la mtu aliye hai haliliwi."

"Mama, akirudi atakuta mtama wake kikapuni na mpwawe mchangani. Atakushukuru?"

Wote wakamtazama Thuwaiba, utadhani yeye ndiye mwenye bunduki. Alijua akilihamisha lile fungu, amemfisha mumewe kwa mkono wake. Akalisukuma kwa kidole, polepole, upande wa Tatu. Sudusi tatu. Nusu.

Mwanamkuu akapiga ukelele wa msiba. Majirani wakaja wakijikokota.

"Nani kaleta habari?" akauliza Mzee Mfaume.

Mwanamkuu akauonyesha ungo kwa kidole. Tatu alikuwa anatafuna mtama mbichi, moto ungemchelewesha.

Thuwaiba akakalishwa eda. Sasa mjane hatoki, na mtama ule bila ming'oko, mizizi aliyokuwa akiichimba porini, usingeshibisha hata panya.

Alfajiri Mwanamkuu akashika jembe.

"Kaa ndani, mke wa mwanangu," akasema bila kumtazama. "Nachimba mimi."

Akashika njia ya porini, kila hatua akiliegemea lile jembe.