Sayari Moja kwa Bakuli la Karanga

Miaka ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, ilituletea neema nyingi pale Kibiti. Ilituletea mitumba, sabuni zenye harufu ya maua, na kibanda cha mfanyabiashara mmoja kutoka bara, chenye jenereta, televisheni na gemu. Gemu lilikuwa moja tu, na jina lake silijui hadi leo, maana lebo ya kaseti ilikuwa imebanduka. Lilihusu mtu aliyevaa chuma mwili mzima, anayeshuka peke yake kwenye sayari isiyo na mwenyeji na kuanza kuzurura mapangoni akitafuta milango. Akiupata mlango, haufunguki. Inabidi arudi alikotoka, akatafute kitu cha kuufungulia. Watu wazima, wenye akili zao na mishahara yao, walikaa chini wakabuni mateso hayo ili wengine wastarehe.

Mimi nilikuwa na mateso yangu ya bure. Wazazi wetu walifariki wakifuatana, nikaacha shule darasa la sita kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wa watoto wanne. Baba mdogo, karani wa Utete, alitaka kutugawa kwa ndugu, kila mmoja nyumba yake, kama sahani za shughuli zinavyorudishwa kwa wenyewe. Nilimkatalia. Akatoa sharti:

“Haya, mwanangu. Kihenge chenu kikijaa mpunga mwaka huu, mtakaa pamoja. Kisipojaa, nakuja kuchukua watoto.”

Shamba letu lilikuwa bondeni, mwendo wa nusu saa. Kwetu, mpunga ukianza kutia maziwa, dungu haliachwi kuanzia alfajiri hadi jua lizame. Unakaa juu ya kile kichanja chenye paa la makuti, umeshika kamba zilizotandazwa shamba zima, zenye makopo. Ndege wakitua unavuta, makopo yanalia, wanahamia kwa jirani. Jirani naye anavuta, anakurudishia. Ndio ujirani mwema.

Wadogo zangu wakitoka shule walinipokea kamba, nami nikaenda kuuza karanga kibandani. Siku moja mwenye kibanda akaniambia, “Dada, bakuli lako nimelimaliza. Njoo ucheze tuwe sawa.”

“Muuza karanga kaenda mwezini!” vijana wakacheka.

Walicheka siku mbili. Mle gemuni wao walikufa kwa kukimbilia kila mlango waliouona. Mimi nilizaliwa delta, ambako mikondo ya maji inafanana kama mapacha na hakuna aliyekuwekea kibao, kwa hiyo kukumbuka njia hakukunisumbua. Kiingereza changu kiliishia kwenye kumsalimu mwalimu, lakini sayari ile haikuwa na wa kusalimia.

Na hapa niseme kweli, ingawa inaniudhi: gemu lile nililipenda. Kule mapangoni hakuna aliyekuwa na njaa. Hakuna aliyeniita dada.

Kisha mwenye kibanda akatangaza kwamba kesho mchana anapeleka televisheni Dar es Salaam kwa fundi. Nilikuwa nimebakiza mlango mmoja mkubwa. Asubuhi wadogo zangu wako shule, mimi niko dunguni, na mpunga uko kwenye maziwa. Mtu mwenye busara angebaki. Mimi nilikuwa na akili zaidi ya busara: nilimchukua mbuzi wetu, nikamfunga chini ya dungu, na kamba za makopo nikazifunga mguuni mwake. Mbuzi hatulii, nikawaza. Kila akirusha mguu, makopo yatalia. Nilijipongeza njia nzima.

Mlango niliufungua. Nyuma yake kulikuwa na pango jingine.

Niliporudi, jua lilikuwa utosini. Mbuzi alikuwa amelala kivulini anacheua, mtulivu kama kadhi, na shamba limefunikwa na ndege. Jirani wa dungu la pili, mama wa makamo ambaye hakuwahi kuniacha bila neno, aliniita kutoka kwake:

“Mwanangu! Mlinzi wako kaomba likizo!”

“Shangazi, kwa nini hukuniitia hata mdogo wangu mmoja?”

“Wako shule. Nimepiga kelele mpaka sauti imekauka. Huko ulikokuwa hukusikia?”

Baba mdogo alipokuja, alichungulia kihenge. Kilikuwa nusu. Hakugomba, angegomba ningepata pa kushika. Alimchukua yule wa tatu kuzaliwa, wa miaka minane, wengine akaniachia kwa huruma. Mtoto akaweka sare yake kwenye mfuko wa plastiki, akaniuliza kama Utete kuna mbuzi.

Mwaka uliofuata sikushuka dunguni hata kwa mvua. Kihenge kikajaa, nikaenda Utete kumrudisha. Alikuwa ameshaanza kumwita mke wa baba mdogo mama.

Mdogo wangu huyo sasa ni mtu mzima mwenye simu kubwa. Juzi alinijia na gemu lile lile mle simuni, kaliokota sijui wapi, akanikabidhi simu bila maelezo. Mlango wa kwanza nikapita. Wa pili nikapita bila kufikiri, vidole vinajua vyenyewe.

“Dada,” akasema, “na leo mbuzi umemfunga wapi?”

Nilimwambia anisubiri kidogo, nimekaribia ule mlango mkubwa.