Mstari Ambao Mwenzangu Aliufuta

Mpaka leo nikimkumbuka mwenzangu yule, damu hunichemka. Tulikuwa wanafunzi wawili kutoka Kenya, tunaishi ugenini katika flati moja mtaa wa Berea, na Jumapili tunashuka mtaa wa Albert Park kusali kwenye kanisa la Wakongo. Mchungaji akatuomba programu: waumini watume maombi yao kwa simu, na Ijumaa kila mmoja arudishiwe ombi lake, likiwa na jina lake na siku ya kuombewa.

Niliiandika mimi. Maneno ya kutumwa yalikaa kwenye kigeu kimoja, yaani kisanduku cha maneno ndani ya programu, na kabla ya kila muumini niliweka mstari mfupi wa kukisafisha kianze upya kikiwa kitupu. Mwenzangu akaufuta.

"Boss, hii lugha ya programu haitaki hizo," aliniambia baadaye. "Ukiongeza maneno tu, inajitengenezea kigeu yenyewe."

Inajitengenezea, ndiyo. Mara ya kwanza tu! Baada ya hapo haikisafishi. Naye aliijaribu kwa namba yake peke yake, ikakubali, akajiendea zake Overport kula.

Ijumaa hiyo muumini wa kwanza alipata ombi lake. Wa pili akapata la wa kwanza na lake. Wa mwisho alisoma ya kanisa zima.

Kulikuwa na dada mmoja, msusi wa saluni. Alimwomba Mungu amfungulie njia atoke kwa mume anayempiga. Mumewe alikuwa nyuma yake kwenye foleni ya programu. Yeye aliomba kazi, na juu ya ombi lake akakuta la mkewe.

Jumapili dada alikuja amefunga kitambaa mpaka kwenye nyusi, jicho moja limevimba. Mchungaji akamwita mbele, akamwambia amwombe mumewe msamaha kwa kumwaibisha. Nilitamani kuvunja kiti. Mwenzangu akaninong'oneza, "Lakini bro, ni mstari mmoja tu." Nilimwambia anyamaze kabla sijamzaba kofi humo humo kanisani, na nilimaanisha.

Baada ya ibada dada alinifuata nje, kwenye ngazi.

"Kaka, ni weye ulifanya ile programe ya simu?"

Nikasema ndiyo. Ningemtaja mwenzangu, ingemsaidia nini?

"Toa nimero yangu," alisema, macho kwa mumewe aliyekuwa anamsubiri ng'ambo ya barabara. "Mi nilikuwa naambia Mungu tu."